Maji ya moto nyumbani Bukavu: boila ya kuni ya kisasa, tangi la fundi, jua au umeme?

Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji ya bombani yanauma mkono. Mwenye watoto wa shule, mgonjwa au mzazi aliyetoka kujifungua anajua kwamba maji ya moto si anasa. Na wengi wetu tuna ndugu Ulaya ambao wametutumia picha za boila ya kuni iliyokaa chini ya nyumba yao, safi, haitoi moshi, inapasha nyumba nzima. Swali linafuata lenyewe: tukikileta kitu hicho hapa, kitatufaa?

Nasema mapema ninavyoona. Kwa nyumba ya familia moja, boila hiyo haifai, hata ukipewa bure. Kwa internati (bweni la shule), hoteli ndogo, nyumba ya masista au materniti (nyumba ya kujifungulia), inafaa sana, na ningependa kuziona nyingi zaidi mjini mwetu. Kati ya hizo mbili kuna njia nyingine, na hesabu ndiyo inayoonyesha nani achukue ipi.

Tuanze na ndoo

Familia ya watu 6, kila mmoja anaoga kwa lita 15 za maji ya nyuzi 40. Jumla ni lita 90. Maji yakiingia yakiwa na nyuzi 20, kuyapandisha hadi 40 kunataka nguvu ya kilowati-saa 2 na kidogo, zilezile zinazohesabiwa na konta (mita) ya SNEL, shirika la umeme. Ni kidogo sana. Kilo moja ya kuni kavu ina kilowati-saa 4 hivi ndani yake. Kwa maneno mengine, nusu kilo ya kuni ingetosha kuosha nyumba nzima kama hakuna kinachopotea njiani.

Lakini kinapotea. Kwenye mafiga matatu, sehemu kubwa ya moto inapasha hewa ya uani, na unatumia kilo 4 au 5 za kuni kwa kazi hiyo. Kwenye mbabula, jiko la makala (mkaa), unatumia kilo 1 ya makala, na hapo mtu anafurahi: kilo 1 tu! Asichokiona ni tanuri la udongo kule mlimani, ambako kilo 1 ya makala imekula kilo 5 hadi 10 za mti. Makala ni mepesi kubeba na hayatoi moshi jikoni, ndiyo maana tunayapenda. Kwa upande wa msitu, hata hivyo, mbabula ndiyo njia ghali kuliko zote, kuliko hata mafiga. Na sehemu ya makala yanayoshuka mjini inatoka ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1980, nyumbani kwa sokwe ambao hawapatikani popote nje ya mashariki ya Kongo. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha katika maandishi yanayohusu maji ya kuoga.

Jambo jingine kabla ya kuendelea: usiingize mbabula yenye makala katika bafu au chumba cha kulala ili kupasha maji au kuondoa baridi. Gesi yake haina harufu wala rangi, na mtu anasinzia asiamke. Bora maji baridi.

Boila ya kisasa ndani yake kuna nini

Ukifungua mlango wa juu unaona chumba cha kuni, kipana, cha kuingiza vipande vya nusu mita. Kuni haziwaki hapo kama tulivyozoea. Zinachomeka chini tu, na feni inaivuta gesi yao kushuka kupitia tundu jembamba katika tofali la kuhimili moto, hadi chumba cha pili. Huko gesi inakutana na hewa mpya na kuwaka kwa nyuzi 1,000 hivi. Mlango wa chini ukiwa na kioo, unaona ulimi wa moto ukielekea chini kwa kishindo, na juu ya dohani huoni kitu isipokuwa hewa inayotetemeka. Moshi wetu wa kila siku ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua, na humu zinamaliza. Ndiyo maana boila hizi zinafikisha karibu 90 kwa 100 ya nguvu ya kuni ndani ya maji.

Sasa upande wa pili. Boila ya kilowati 20, ambayo huko Ulaya ni ya kawaida kwa nyumba moja, ina uzito wa kilo 400 hivi za chuma, na tumbo lake linabeba maji ya lita 80 au zaidi. Kabla ya kukupa tone la maji ya kuoga, inabidi ijipashe yenyewe. Nimefanya hesabu: chuma hicho na maji hayo, kutoka nyuzi 20 hadi 80, vinakula kilowati-saa 9. Ni mara nne ya mahitaji ya familia yetu ya watu 6! Kilo 2 na nusu za kuni zimekwenda na hakuna aliyeoga. Boila hii ilitengenezwa kwa nchi ambako theluji inakaa miezi na nyumba inapashwa mchana na usiku. Sisi hatupashi nyumba, tunapasha maji tu.

Haipendi moto mdogo. Ukiiwekea vijiti vichache na kuibana, gesi haiwaki sawasawa, lami nyeusi inaganda kwenye kuta zake, na ndani ya miaka michache chuma kinaliwa. Inataka kujazwa, kuwaka kwa nguvu hadi mwisho, kisha kuzimika. Joto lote hilo linahifadhiwa katika tangi kubwa lililofunikwa vizuri, angalau lita 50 kwa kila kilowati, yaani lita 1,000 kwa boila ya 20. Anayekuuzia boila bila tangi hilo anakuuzia nusu ya chombo.

Na maji ya kuoga hayatoki ndani ya boila. Maji ya boila ni yaleyale, yanazunguka mwaka hadi mwaka. Maji ya kuoga yanapita katika koili, bomba lililozungushwa, ndani ya tangi, yanachukua joto na kwenda zake. Ukipitisha maji mapya ya Regideso, shirika la maji, kila siku katika tumbo la boila, yanaleta hewa, na hewa inaleta kutu.

Kuna pia valvu ndogo inayosahaulika: ile inayochanganya maji ili yanayorudi kwenye boila yasiwe chini ya nyuzi 60. Maji baridi yakirudi moja kwa moja, ukuta wa ndani unatoa jasho lenye asidi. Fundi anayekuambia valvu hiyo si ya lazima, mshukuru na utafute mwingine.

Sasa chukua nyumba ya wageni yenye watu 25, kila mmoja anatumia lita 40 za maji ya nyuzi 40. Hiyo ni kilowati-saa 23 kwa siku. Kilo 20 za kuni kavu zinazochomwa mara moja katika boila ya kisasa zinalijaza tangi la lita 1,000 joto la karibu siku mbili. Internati ya wanafunzi 100 wanaooga kwa ndoo inahitaji kama kilo 10 za kuni kwa siku. Kwa mafiga matatu ni zaidi ya kilo 70. Hapo ndipo chombo hiki kinapojilipa, na mpishi wa internati anaacha kukohoa.

Umeme na maji vikikatika pamoja

Hili ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu vitabu vinavyokuja na boila haviifikirii Bukavu.

Umeme wetu unatoka Ruzizi I na Ruzizi II, na delestaji, kukatiwa umeme kwa zamu, tunaijua. Plastiki inayosombwa na mvua hadi ziwani imeziba mara nyingi njia ya maji ya Ruzizi I. Boila ya kisasa inahitaji umeme kwa feni na pampu. Ni kidogo, wati 100 hivi, na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 yenye konvatisa (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) inaishikilia saa 6 bila kuiua betri. Lakini fikiria isipokuwepo. Chumba kimejaa kuni, umeme unakatika, pampu inasimama, na makaa yanaendelea kupasha maji ambayo hayaendi popote.

Watengenezaji walilifikiria hilo. Ndani ya boila kuna koili ya kupoza, na valvu inayojifungua yenyewe joto likifika nyuzi 95 hivi na kupitisha maji baridi ya bombani. Wazo zuri, ila linategemea maji ya bombani yawe na presha. Hapa Regideso ikikatika jioni ileile umeme ulipokatika, valvu inafunguka na hakuna kinachopita. Tangi la juu ya mnara wa mita 4 halitoshi pia: kila mita 10 za kimo ndizo zinazotoa bari 1, na valvu nyingi za aina hii zinataka bari 2.

Ila sisi tuna milima. Mwenye parsele (kiwanja) inayopanda, kama zile za Kadutu au za juu ya Nguba, anaweza kuweka tangi la akiba mita 20 juu ya boila, na presha hiyo hakuna wa kuikata. Mlima unatupa zawadi nyingine bora zaidi. Ukiijenga boila kwenye ngazi ya chini ya parsele na tangi la joto kwenye ngazi ya juu yake, maji ya moto yanapanda yenyewe na ya baridi yanashuka yenyewe, bila pampu. Mabomba yawe mapana, milimita 40 au zaidi, yapande mfululizo bila kushuka hata mahali pamoja, kwa sababu hewa itakaa kwenye nundu na kuziba njia. Umbali uwe mfupi na mabomba yafunikwe. Mwenye kiwanja tambarare analipia pampu na betri, mwenye mteremko anazihitaji kwa dharura tu. Kama ningekuwa nashauri internati, ningeanza kwa kutembea kwenye kiwanja chao kabla ya kufungua katalogi yoyote.

Kumbuka pia kwamba kwenye kimo chetu maji yanachemka kwenye nyuzi 95, hayangoji 100. Mfumo ulio wazi juu uwekwe nyuzi 80, usisogezwe zaidi. Na lita 1,000 za maji zikipashwa hadi 80 zinavimba kwa lita 27 hivi, zaidi ya bidoni (dumu) nzima. Lazima ziwe na pa kwenda.

Tangi la fundi wa kuchomelea

Kwa familia, hiki ndicho chombo cha kuni ninachokipendekeza. Tangi la lita 100 hadi 200 la bati la milimita 3, limesimama juu ya jiko la matofali. Katikati yake linapita bomba la moshi la sentimita 10 au 12, kutoka motoni hadi juu ya paa, ili moshi uache joto lake ndani ya maji kabla ya kutoka. Maji baridi yanaingia chini, ya moto yanatoka juu. Tangi linafunikwa kwa sufi ya glasi, na juu yake bati jembamba la kuzuia mvua. Moto wa dakika 30 hadi 60 jioni, na asubuhi bado maji ni vuguvugu.

Fundi akifanya kazi vizuri, nusu ya moto inaingia katika maji. Familia yetu ya watu 6 inatumia kilo 1 na nusu ya kuni kwa siku. Haifikii boila ya Ulaya kwa usafi wa moshi, lakini kwa kazi ndogo inaishinda kwa kuni, na ikitoboka, aliyeitengeneza anakaa mtaa wa pili.

Kuna jambo moja ambalo sitakubali lijadiliwe: bomba la pumzi. Juu kabisa ya tangi litoke bomba lililo wazi, lipande kupita usawa wa tangi la maji baridi, na lisiwe na valvu wala kifuniko wala kona ya kukusanya uchafu. Maji yakichemka, lita 1 inakuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Tangi lililofungwa pande zote juu ya moto ni bomu ndani ya parsele yenye watoto. Nimeona matangi ambayo bomba hilo limezibwa kwa kitambaa kwa sababu «linapoteza joto». Kama lako liko hivyo, toa kitambaa leo kabla ya kuwasha moto.

Mita ya kwanza au mbili za bomba la maji ya moto ziwe za chuma au shaba. Bomba la plastiki la PVC linalainika, na hata mabomba ya plastiki ya PPR hayapendi kukaa karibu na moto. Na pipa lililobeba mafuta au dawa lisigeuzwe tangi la kuoga, hata likioshwa mara ngapi.

Maji ya nyuzi 60 yanachoma ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwenye bafu la watoto weka bomba la kuchanganya, au wafundishe wote kutanguliza maji baridi katika beseni.

Jua

Tuko nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta na baridi ya kugandisha haipo, kwa hiyo mitambo rahisi kabisa ya jua inatutosha: paneli ya maji juu ya paa, tangi juu ya paneli, na maji yanazunguka yenyewe. Mita 2 za mraba, siku ya jua la kawaida, zinapasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 55. Familia ya watu 6 inaoga na kubakiza. Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna konta. Paneli ilale mwinamo wa nyuzi 10 au 15 angalau, ili maji yazunguke na mvua ioshe vumbi.

Tatizo ni miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, ambapo zinapita siku mfululizo bila jua la maana na maji yanabaki vuguvugu. Tena, mitambo ya jua yenye mirija ya kioo haipatani na mvua ya mawe. Paneli bapa yenye kioo kigumu inavumilia zaidi. Gharama yote unailipa siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowazuia wengi, si ubora wa chombo.

Umeme

Tangi la umeme la lita 80 ni rahisi kufunga na halina moshi. Likiwa la kilowati 1.5, linahitaji saa 2 na nusu kufika nyuzi 60. Hiyo ni volti 220. Jioni, mtaa mzima ukiwasha, volti zinashuka hadi 150, na watu wanadhani zimepungua kwa theluthi tu. Nguvu inashuka zaidi ya nusu, na tangi lilelile linataka zaidi ya saa 5. Ongeza delestaji na unaelewa kwa nini nyumba nyingi za Ibanda zina tangi zuri ukutani na sufuria jikoni. Mwenye umeme wa uhakika alichukue, lakini aweke waya wa ardhini, kwa sababu bafu na umeme usio na ardhi vinaua.

Kuni kavu ndizo zinazoamua

Ukichagua chombo cha kuni, kiwe cha maelfu ya yuro au cha fundi wa mtaani, mambo yote yanarudi kwenye unyevu. Mti wa eucalyptus uliokatwa wiki hii unaweza kuwa na nusu ya uzito wake maji. Kilo moja ya kuni hizo inakupa kilowati-saa 2 na kidogo badala ya 4, kwa sababu moto unachemsha kwanza maji yaliyo ndani ya mti. Boila ya kisasa inataka unyevu chini ya 20 kwa 100. Chini ya masharti hayo haina kosa, ila ipe kuni mbichi na inakuwa jiko la lami la bei kubwa.

Ukimuuliza muuzaji, «Mama, kuni hizi zimekauka?» atajibu, «Zimekauka, papa, angalia mwenyewe.» Basi angalia kweli. Usiangalie ganda la nje, ambalo jua la asubuhi moja linalikausha. Pasua kipande kimoja palepale na uweke upande mpya shavuni. Ukihisi ubaridi, ndani kuna maji. Gonganisha vipande viwili: kavu vinalia, vibichi vinagonga kama udongo. Mwenye mizani apime kipande kimoja kila wiki. Siku uzito unapoacha kushuka, kimekauka.

Kukausha hapa kunawezekana kabisa, ila kuna majira yake. Kata na kupasua kabla ya Juni, panga juu ya vijiti ili hewa ipite chini, weka paa juu na acha pembeni wazi. Kosa linaloonekana kila mahali ni kufunika kwa hema hadi chini, na kuni zinaoza kwa jasho lao. Juni, Julai na Agosti zinafanya kazi kubwa. Vipande vinene kuliko mkono wa mtu visubiri kiangazi cha pili. Baada ya hapo, kuni zilizo chini ya paa zinabaki kavu hata Aprili.

Internati yenye shamba lake la eucalyptus huko Walungu au Kabare ina kila kitu mkononi. Inayonunua kuni za wiki kwa wiki barabarani isiagize boila ya kisasa bado, ijenge kwanza banda na kununua akiba ya miezi sita.

Kwa hiyo nani achukue nini

Familia yenye uwezo wa kulipa mara moja: jua, na tangi dogo la fundi kwa siku za mvua, yote mawili yakiungwa kwenye bomba moja la bafu. Familia yenye uwezo mdogo: tangi la fundi peke yake, na makala yabaki kwa kupika tu. Mpangaji asiyeweza kugusa ukuta wa mwenye nyumba: sufuria yenye kifuniko juu ya jiko lililoboreshwa, kwa kuni kavu, kifuniko hicho kinaokoa zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Kuanzia watu 20 wanaooga kila siku, boila ya kisasa iingie katika mazungumzo. Bei yake Ulaya ni maelfu ya yuro kabla ya safari ya Dar es Salaam au Mombasa na kabla ya ushuru, na kilo zake 400 hazishuki ngazi za Bagira mabegani. Mwulize muuzaji maswali manne kwa maandishi: tangi la joto lina lita ngapi, valvu ya nyuzi 60 imo, feni na tofali la ndani vitapatikana wapi vikiharibika, na umeme na maji vikikatika pamoja joto linakwenda wapi. Tofali la ndani linachakaa na kubadilishwa, kwa hiyo agiza moja la akiba katika kontena lilelile. Mfundishe mtu mmoja, mwenye jina na mshahara, kusafisha mirija kila wiki na kutoa majivu. Majivu hayo, yakiwa yamepoa kabisa, yanafaa kumwagwa kwa kiasi kwenye bustani ya mboga, kwa sababu udongo wetu wa Kivu mahali pengi una asidi.